Alama ya X Dhidi ya Jina

Katika lokesheni ya Tangi Tupu, mtaa wa Waafrika ng'ambo ya reli mjini Nakuru, hakuna aliyemshinda Dalmas Khaemba kwa Kiswahili. Hilo alilisema yeye mwenyewe, na kwa kuwa alilisema mara nyingi, watu walichoka kubisha. Alikuwa karani na mkalimani wa ofisi ya lokesheni, mtu wa kaptura iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata sabuni. Kamusi yake aliifunika kwa gazeti kuukuu akaibeba kwapani kila aendako. Jumapili moja aliibeba kanisani kwa makosa, na watu wa benchi la nyuma walimwona akiifungua kutafuta wimbo.

Alizaliwa Kimilili, akasoma misheni mpaka darasa la sita, akaja Nakuru mwaka wa arobaini na sita kuwa tarishi wa kupeleka barua kwa baiskeli. Siku moja Mzungu wa ofisi alimsikia akimwambia mwenye duka kwamba barua yake "imewasilishwa", badala ya kusema imeletwa. Mzungu hakulielewa neno lile, na kwa sababu hakulielewa akampandisha cheo. Tangu hapo Khaemba hakuleta kitu tena maishani mwake. Mkewe, Nekoye, alipomwomba alete kuni, alijibiwa kwamba kuni zitawasilishwa, na hazikuwasilishwa.

Jioni, saa kumi na moja, Khaemba alifundisha watu wazima kusoma na kuandika katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa lokesheni. Wanafunzi walikuwa kumi na tisa: makuli wa stesheni, vibarua wa kiwanda cha pareto, na mjane mmoja, Chepkurui, aliyekuja na kibao chake kikiwa kimeoshwa vizuri kuliko vya wanaume wote. Khaemba alikuwa mkali. Jibu sahihi alilipa alama ya vema, na jibu la makosa alilipiga X kubwa kwa chaki nyekundu, X ya kumfanya mtu mzima mwenye watoto sita ainamishe kichwa. Kwa miaka mitatu watu wale walijifunza mengi, na somo walilolishika kuliko yote ni kwamba X maana yake ni hapana.

Sasa sikilizeni habari ya maji, kwa sababu mambo yote yalianzia hapo. Tangi Tupu iliitwa hivyo kwa ajili ya tangi kubwa la chuma ambalo watu wa reli walilijenga wakasahau kulipelekea maji. Kwa nyumba zaidi ya mia mbili palikuwa na bomba moja. Bomba lile lilikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli ulining'inia shingoni mwa Makokha. Makokha aliajiriwa kuyalinda maji, naye aliyalinda kweli, hasa yasifikiwe na wenye kiu. Alifungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa mbili unusu. Mwanamke aliyefika dakika moja baadaye alirudi na debe tupu, hata kama ameacha mtoto na homa nyumbani. Aliyempelekea kuku alifunguliwa wakati wowote.

Mwaka ule wa hamsini na nane kiangazi kilikuwa kibaya. Ziwa lilikuwa limejirudisha katikati, na upepo wa mchana ulipeperusha vumbi jeupe la magadi mpaka ndani ya sufuria. Nekoye alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni, na nusu ya maji aliyoteka ilikuwa ya kumwogesha karani.

Ndipo ofisi ya mji ilipotangaza kwamba lokesheni itachagua mtu mmoja wa kuingia katika baraza la ushauri, na kwamba baraza hilo ndilo litakaloamua habari ya bomba. Makokha alisimama mara moja, maana hakutaka mtu mwingine aamue. Wa pili kusimama alikuwa Kiprugut, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha maziwa, mtu mpole, mwenye kusema taratibu hata akiwa na hasira. Aliahidi kwamba kufuli itatoka na bomba la pili litakuja, akaketi. Watu walimpigia makofi mpaka vumbi likawatoka mikononi. Mkutano wa Makokha ulihudhuriwa na shemeji zake, na wao walikuja na madebe.

Hakukuwa na mashaka nani atashinda. Kilichobaki ilikuwa karatasi tu, na karatasi zilikuwa kazi ya Khaemba.

Afisa wa lokesheni alikuwa kijana Mzungu ambaye watu walimwita Bwana Rula, kwa sababu alipima kila kitu kwa rula, hata nafasi kati ya viti. Alimkabidhi Khaemba kanuni za uchaguzi zilizoandikwa kwa Kiingereza na kumwamuru azitafsiri zibandikwe bombani, ukumbini na kwenye milango ya makanisa. Khaemba alijifungia siku mbili. Kanuni zilikuwa nyepesi, lakini yeye hakupenda kitu chepesi. Alipofika penye agizo la namna ya kupiga kura alikuta neno moja la Kiingereza ambalo Wazungu hulitumia kwa vita, kwa kesi, na kwa ngazi iliyoegemezwa ukutani. Kamusi ililipa maana tano. Maana ya nne ilikuwa "kando ya". Maana ya kwanza ilikuwa "dhidi ya". Khaemba alikuwa karani, na karani huanza na namba moja.

Basi tangazo likasema: *Kila mpiga kura atatia alama ya X dhidi ya jina la mtu mmoja aliyemchagua.*

Alilisoma kwa sauti peke yake mara tatu, akajisikia vizuri sana.

Neno "dhidi" halikuwa geni Tangi Tupu. Watu walilijua kutoka kortini, maana nyumba chache sana hazikuwahi kupata samansi ya pombe ya kienyeji, na kila samansi ilisema ni kesi ya Serikali dhidi ya fulani. Wakasimama mbele ya tangazo, wakalisoma wale waliojua, wakasikiliza wale wasiojua, wakaelewa wote kwa pamoja. Wazungu wana namna yao. Wewe unamchagua yule usiyemtaka, unamshtaki kwa X, na mwenye mashtaka mengi anaanguka. Wengine hata walisema ni namna nzuri.

Nekoye peke yake ndiye aliyemuuliza mwenye maandishi.

"Baba Sitati, hebu nieleze. Tunamchagua mtu halafu tunamshtaki?"

"Nani amesema kushtaki?"

"Karatasi yako. Imesema dhidi."

"Mama Sitati, hicho ni Kiswahili cha juu. Hapo dhidi ni kama kusema mkabala."

"Na watu wa chini watasoma Kiswahili gani?"

Khaemba alicheka kidogo puani na kurudi kwenye uji wake. Nekoye hakuwa na kura, maana kura ilikuwa ya mwenye jina kwenye kadi ya nyumba. Khaemba aliona kwamba asiye na kura hana sababu ya kuelewa.

Chepkurui, aliyekuwa na kadi ya marehemu mumewe, alimuuliza darasani. "Mwalimu, hiyo X ya kura ni hii yetu ya hapa?"

"Hakuna X mbili duniani," alisema Khaemba. "Fanyeni kama karatasi inavyosema."

Na wao wakafanya kama karatasi ilivyosema.

Siku ya kura watu walijipanga tangu asubuhi, wamevaa nguo za Jumapili. Khaemba alisimama kando ya sanduku na kalamu sikioni. Yeye mwenyewe alipiga kura mapema: aliijua kanuni kwa Kiingereza, naye alitaka bomba la pili kama mtu mwingine yeyote, basi akatia X yake kando ya jina la Kiprugut. Makokha aliingia na shingo imekaza, akatia X kwenye jina la Kiprugut. Kiprugut aliingia taratibu, akatia X kwenye jina la Makokha. Hakuna aliyejua kwamba wagombea wawili wamepigiana kura.

Uhakiki, yaani kuhesabu kura, ulifanyika kesho yake mchana, ukumbini. Nasema uhakiki kwa sababu ndilo neno alilolitumia Khaemba, na kwa siku ile lilimfaa. Bwana Rula alifanya kazi safi, hakuna wa kumkosoa. Alikagua lakiri ya sanduku, nyekundu, haijaguswa. Alihesabu karatasi zilizochapwa: mia mbili na hamsini. Zilizobaki bila kutumika: thelathini na sita. Akatoa, akapata mia mbili na kumi na nne, akafungua sanduku na kuhesabu zilizomo, zikawa mia mbili na kumi na nne. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike Nakuru.

Wagombea waliketi kwenye benchi hatua sita kutoka mezani, na watu walijaa madirishani. Kila karatasi iliinuliwa juu ionekane, kisha ikawekwa kwenye fungu. Fungu la X za Makokha lilianza kupanda. Lilipofika kimo cha debe lililolazwa, Kiprugut alikuwa anatazama chini kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mwenzake. Nje wanawake walikuwa wakigongana viwiko na kucheka. Makokha alitoka jasho. Mwishowe alisimama, akaivua kamba shingoni, akauweka ufunguo wa bomba juu ya meza ya Bwana Rula, akarudi kuketi bila kumtazama mtu.

Bwana Rula hakuelewa. Aliusogeza ufunguo pembeni ukawa sambamba na rula.

Hapo ndipo zilipoanza kutokea karatasi zenye utata. Ya kwanza ilikuwa na X kwa Makokha na alama ya vema kwa Kiprugut. Bwana Rula aliitazama. "Hii alama mbili. Iko haribika." Ikawekwa kando. Ikaja nyingine hivyohivyo, na nyingine. Zilipofika kumi na tatu, Khaemba aliinama kuzitazama kwa karibu. Zile vema alizijua. Zilikuwa na mkia mrefu wa kupinda, na mkia ule aliufundisha yeye.

Kisha ikaja ya kumi na nne. Ilikuwa na X kwenye jina la Makokha, na chini yake mwandiko wa polepole, herufi zimesimama wima: *Huyu nimemshtaki kama tulivyoagizwa. Ananyima watu maji.*

"Hii nasema nini?" aliuliza Bwana Rula.

Khaemba alikuwa mkalimani. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amesubiri siku ambayo ukumbi mzima utangojea neno kutoka kinywani mwake, na siku yenyewe ndiyo hii. Alizisoma zile sentensi mbili mara moja tu, na zikamweleza kila kitu: tangazo, foleni, fungu lililopanda, ufunguo mezani. Alijua fika ni nini amekifanya. 

"Ni maneno ya dini, Bwana."

"Dini hapana kura. Haribika."

Kura zilizosema wazi kuliko zote zikafungwa kwa uzi na kutiwa katika bahasha ya zilizoharibika, kosa lao likiwa kusema wazi. Bwana Rula akasimama na kutangaza kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, kwamba Kiprugut amepata ishirini na tisa, zilizoharibika kumi na nne, na Makokha mia moja sabini na moja, na kwamba Makokha amechaguliwa. Akajumlisha hadharani, akapata mia mbili na kumi na nne tena. Akasema hesabu iko sawa.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu walikuwa wanangoja Khaemba atafsiri, maana waliona dhahiri kwamba Mzungu amekosea Kiswahili. Khaemba akatafsiri.  Makokha alikuwa wa kwanza kusogea. Aliinuka pole pole, akausogelea ufunguo, akautazama, akautazama umati, akaivaa kamba yake shingoni.

Kwa kura zile ishirini na tisa, ishirini na nane zilikuwa za Makokha na shemeji zake. Iliyobaki ilikuwa ya Khaemba. Yaani katika lokesheni nzima mtu mmoja tu alimpigia kura Kiprugut, na ndiye aliyemwangusha.

Kanuni zilitoa siku tatu kabla ya hati kutiwa sahihi. Hati yenyewe ilitaka sahihi mbili: ya afisa, kwamba hesabu ni kamili, na ya mkalimani, kwamba tangazo lilitafsiriwa sawasawa na wapiga kura wakaelewa. Kama mojawapo ingekosekana, kura ingerudiwa. Neno moja la Khaemba lingetosha, mradi liwe "nimekosea".

Siku ya pili Kiprugut alifika ofisini amevaa ovaroli ya kazini.

"Mwalimu, sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja kuuliza neno moja. Dhidi ni nini?"

"Inategemea," alisema Khaemba.

"Inategemea nini?"

"Inategemea sentensi."

Kiprugut alifikiri. "Basi sentensi iko kwako. Mwambie Bwana. Sisi tukiandika barua watasema tumeshindwa ndiyo maana tunalia. Wewe wakikusikia, ni mtu wa ofisi."

Khaemba alisema atalitazama jambo hilo. Hakumdanganya, alilitazama kwa siku nzima. Lakini kila alipolitazama aliona pia barua nyingine, iliyokuwa kwenye trei ya Bwana Rula ikingoja sahihi: barua ya kumpandisha awe karani wa daraja la pili, pamoja na nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ofisi. Nyumba ile ilikuwa na bomba lake jikoni.

"Kaseme maneno matatu tu," Nekoye alimwambia jioni ile. "Mimi, nimekosea, Bwana. Hata kwa Kiswahili cha chini."

"Mkalimani hakosei, Mama Sitati. Mkalimani huteua."

"Mimi ninabeba debe. Mwenzangu hubeba nini? Kitabu." Alisema bila kupandisha sauti, na hilo lilimuuma zaidi. 

Siku ya tatu Khaemba aliandika barua ya kukiri. Mistari minne, mwandiko mzuri, akaitia mfuko wa kifua. Alitembea nayo mpaka mezani kwa Bwana Rula, na nataka kuwa wa haki kwake: mkono wake ulifika mfukoni kweli. Hati ilikuwa imetandazwa. Pembeni yake, sambamba na rula, ile barua ya daraja la pili, imeshatiwa sahihi.

"Tafsiri yako iko sawa?" aliuliza Bwana Rula. "Watu nafahamu?"

Mkono ulitoka mfukoni na kalamu.

"Wamefahamu kikamilifu, Bwana," alisema Khaemba. Kwa kweli hakuna jambo walilowahi kulifahamu zaidi. Akatia sahihi yenye mkia mrefu wa kupinda.

Hati ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi, ina mhuri. Katika kikao cha kwanza cha baraza Mheshimiwa Makokha alitoa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba kwa sababu ya kiangazi bomba lifungwe saa mbili kamili. Ya pili, kwamba baraza limshukuru karani kwa Kiswahili chake. Zote zilipita. Kiprugut alirudi kwenye mitambo yake, na aliyemuuliza habari ya kura alimjibu kwamba yeye sasa anaogopa kalamu kuliko kisu.

Khaemba akahamia nyumba ya vyumba viwili. Nekoye alihamia pia, maana angeenda wapi, lakini asubuhi ya kwanza alijaza debe kwenye bomba la jikoni, akajitwika, akapita nalo mbele ya foleni yote mpaka kwa Chepkurui, akalimimina. Kesho yake akafanya vivyo hivyo kwa nyumba iliyofuata. Khaemba alipomuuliza anachokifanya, alijibiwa kwamba maji yanawasilishwa.

Jumatatu saa kumi na moja jioni alikwenda kufundisha, na kamusi kwapani. Alikuwa ametayarisha somo zuri la vihusishi. Chumba kilikuwa kitupu. Vibao vimepangwa ukutani, vimeoshwa. Hakuna aliyevunja kitu wala kutukana ukutani, maana aliwafundisha adabu pia. Ila ubaoni paliandikwa DALMAS KHAEMBA, kwa herufi zilizosimama wima kama zile za karatasi ya kumi na nne, na kando ya jina, kwa chaki yake nyekundu, wanafunzi walikuwa wametia X, mmoja baada ya mwingine, kila mkono na mwandiko wake.

 Kwa kuwa alikuwa karani, alihesabu. Zilikuwa kumi na tisa. Hapakuwa na vema hata moja, wala neno la pembeni, wala iliyoharibika. Kwa sheria aliyoitia sahihi kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amechaguliwa kwa kura zote.